Nogada

Saa kumi na nusu alfajiri, Incheon,
theluji imeshageuka tope chini ya taa.
Pyo Gil-ho anangoja ofisi ya vibarua ifunguliwe,
kahawa ya mashine mkononi,
kikombe cha karatasi kisichojaa hata konzi.
Hapa hakuna anayeitwa jina.
Huitwa idadi: Watatu, matofali! Wawili, kifusi!

Kazi hii ina neno lake: nogada.
Lilikuja na Wajapani walipokuwa watawala,
wao wakisema dokata.
Watawala wakafungasha, neno wakalisahau,
waliobaki wakaliokota,
wakaligonga likapinda,
likakaa mdomoni kama msumari
anaoubana fundi mikono ikiwa imeshika ubao.

Kamusi hailipendi. Si letu hili, inanuna,
semeni kazi ya sulubu.
Kamusi haijapanda ngazi na matofali mgongoni.
(Na lugha yangu isicheke:
ilimtazama mtu mzima na jasho lake,
ikaona kile kikaratasi cha kudaia ujira,
ikamwita kibarua.)

Jioni Se-rin, bintiye, anarudi na kompyuta kwapani.
Kutwa amehamisha tarakimu, safu elfu sita,
kutoka jedwali hili hadi lile.
Anajibwaga kwenye sakafu yenye joto:
"Baba, leo ilikuwa nogada tupu."

Kijiko kinasimama juu ya supu.

Neno hilo alilificha miaka yote ya shule.
Kwenye fomu, penye Kazi ya Mzazi, aliandika: ujenzi.
Siku ya mkutano wa wazazi alisugua kucha kwa mswaki,
akakaa nyuma, mikono mapajani.
Na leo linaingia lenyewe, bila kofia ngumu,
limepaka kucha rangi ya pichi.

Anataka kusema: hujui uzito wake.
Anataka kusema: kumbe hata ninyi.
Anasema, "Mgongo?"
"Shingo. Na huu mkono wa kulia."

Anafungua droo, anatoa plasta ya dawa,
zile zinazonuka kafuri mpaka machoni.
Imebaki moja. Anaikata kwa mkasi,
anambandika shingoni, anamkandamiza kwa kiganja
kinachokwaruza.
Kipande kilichosalia ni chembamba kama utepe.
"Kitanitosha," anasema,
akikizungusha kutafuta mahali
kwenye kiuno kile kipana.