Kinyumenyume

Kiswahili kimempa mnyama na ugonjwa jina moja.
Chuoni tulilicheka hilo.
Sicheki tena.
Ngiri wa hifadhi ya Ajai huingia shimoni kinyumenyume,
meno mlangoni, macho nje;
ukipita kwa haraka utaona shimo tu, na vumbi.

Onzima, mfyatua matofali, alikuja anajua:
"Inatoka nikibeba, inarudi nikilala."
Nikamsimamisha, nikachuchumaa mbele yake
kama fundi anayekagua bawaba.
Kohoa, nikamwambia. Ikanigonga kidoleni: hodi.
Busha ningeweza kulishika kwa juu, likaishia hapo;
hili halikuwa na juu, lilipanda likapotelea tumboni.
Nikaandika bila kufuta.

Lakini Candiru, muuza muhogo wa soko la Koboko,
alikuja Jumanne, foleni imefika barabarani.
Uvimbe mdogo, sawa na njugu mawe,
kulia, chini ya mkunjo wa paja.
Nilimpapasa amelala, juu ya kitenge,
kwa kuwa ni rika la mama yangu
na pazia letu lilikuwa limeazimwa wodi ya wazazi.
"Mtoki," nikasema. "Una kidonda mguuni?"
Hakuwa nacho.
Nikampa vidonge hata hivyo.

Hakuwa nacho.
Jibu hilo lilipaswa kunisimamisha mimi.

Ijumaa walimleta kwa bodaboda,
kabanwa katikati ya dereva na mwanawe,
anatapika kijani, tumbo limewambwa kama ngoma.
Njugu ile ile, sasa ngumu, haitaki kuguswa,
haijibu kikohozi.
Safari hii nilikitafuta kifundo cha mfupa wa kinena:
uvimbe ulikuwa chini yake, kwa pembeni,
kwenye kile kipenyo chembamba
ambamo utumbo wa mwanamke huingia ukanyongwa.

Gari la Arua lilichelewa saa mbili.
Aliniuliza, kwa Kilugbara,
kama mtoki ndivyo unavyouma.

Walimkata utumbo shibiri nzima. Yu hai.
Huniongezea muhogo mmoja juu ya fungu,
nami sijui kama ni msamaha au ni mazoea ya biashara.

Pazia nimelinunua mwenyewe, la buluu.
Simama, mama. Teremsha nguo kidogo.
Tazama ukutani, kohoa. Tena.
Huku, na huku. Juu ya mkunjo, chini ya mkunjo.
Foleni inaguna.
Nangoja, kidole mlangoni.