Siku ya Nne kwa Penseli

Guacimara,
nimeitandaza ramani kwenye meza ya karakana.
Pembe moja nimeikandamiza kwa kopo la grisi,
ya pili kwa breki za mteja asiyelipa,
zilizobaki zinajikunja zipendavyo.
Umesema juma moja, mwezi wa Machi.
Umesema: nipangie kama unavyowapangia Wajerumani,
usinionee huruma.

Haya.

Siku ya kwanza hatupandi kitu.
Utashuka kwenye ndege na miguu ya ofisi,
miguu ya lifti na ya viti vyenye magurudumu.
Tutashusha kiti, tutapima springi kwa uzito wako
(kilo za kweli, tafadhali, si zile unazomwambia daktari),
kisha tule kwa Bentor viazi vilivyokunjamana kwa chumvi,
mchuzi mwekundu,
kitunguu saumu cha kutosha kumkimbiza mchumba.

Siku ya pili Yeray atatupakia kwenye gari lake bovu
mpaka kileleni, kwenye zile kuba nyeupe
wanamohesabia nyota.
Mita elfu mbili na mia nne. Mawingu chini yetu
kama maziwa yanayotaka kufurika chunguni.
Glavu juu, fulana chini: misimu minne, mteremko mmoja.
Ukifika kwenye misonobari, angalia,
sindano zake zikilala njiani huteleza kuliko sabuni.
Breki ya mbele iguse kama unavyoonja chai ya moto,
ya nyuma iache ifanye kazi yake.
Na usiutazame mti. Ukiutazama, utaufuata.
Tazama upenyo.

Siku ya tatu utaumwa makalio.
Hiyo sikuipanga, hujipanga yenyewe.

Siku ya nne nimeiandika kwa penseli, nikaifuta, nikaiandika,
hata karatasi imetoboka hapo.

Ramani yenyewe ni ya zamani, unaelewa.
Bado inayo barabara ya shule. Inalo birika la Don Celso,
inayo ile kona uliyopasukia kidevu ukiwa na miaka tisa,
damu kwenye sketi, na wewe unaulizia baiskeli tu.
Inacho kimraba cheusi, kidogo kama punje ya pilipili manga:
kwetu.

Husemwa milima haikutani.
Wetu uliamka Septemba ile, ukatembea,
taratibu, kama mgeni anayejua hafukuzwi,
ukapita migombani, ukapita kanisani pasipo kupiga goti,
ukaingia hadi jikoni kwa mama.

Sasa pana barabara mpya juu ya zaha,
lami nyeusi juu ya weusi, nayo inapita juu yetu kabisa.
Kutoka nje yake ni marufuku: chini bado kuna moto,
na mawe yale hukata tairi kama vigae vya chupa.
Tutasimama pembeni. Kifaa cha usukanini kitalia
kwamba tumefika, tuko sebuleni,
ila mita ishirini juu ya paa.
Baba, aliyekufa akiililia ghorofa, angecheka.

Nasema kitalia. Sijakisikia.
Wateja nawapitisha njia ya juu,
nawaambia mandhari ya huko ni nzuri zaidi, wala si uongo.
Mara tatu nimefika peke yangu mpaka kwenye kibao,
nikashuka, nikakagua cheni isiyo na kasoro,
nikageuza.

Siku ya tano, ya sita, tutaona; upepo utaamua.
Lete tyubu mbili, za hapa hupasuka. Lete viraka.
Mama usimguse na habari za siku ya nne,
mwambie tunakwenda kuoga baharini.
Kisha niandikie mambo mawili tu:
kilo zako,
na pale kwenye kibao, nani atangulie.