Eda ya Kivinjari

Saa mbili na robo asubuhi, Tandika.
Shata nusu juu, feni inazungusha joto lilelile.
Nabofya alama ya kivinjari.
Kishale kinazunguka, kinazunguka,
kisha kinatulia kama hakuna aliyeita.

Nabofya tena.
Kimya.

Ansila wa Toangoma amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
bahasha ya kaki mapajani:
cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba, picha ndogo mbili.
Dirisha la mikopo ya chuo linafungwa leo usiku.
"Dada, mtandao?"
Mtandao upo, mdogo wangu. Mlango ndio haufunguki.

Nimezima, nimewasha,
dawa ya kwanza ya kila fundi na ya kila mwongo.
Nimetazama diski: giga kumi na moja ziko wazi.
Nimeorodhesha kila kinachopumua humo ndani,
nikisaka mzimu wa kivinjari cha jana uliogoma kufa
niuue kwa namba yake. Haupo.
Nimekiondoa, nimekisakinisha upya,
megabaiti tisini na kitu za bando la wiki zimekwenda,
na kishale kinazunguka vilevile, kinatulia vilevile.

Kisoma, muuza vocha wa jirani, anachungulia:
"Si ungeweka Windozi kama watu?"
Simjibu.
Aliyeweka Linuksi humu alijua alichokifanya.
Alijua mengi, yule.

Basi nafungua dirisha jeusi,
nakiita kivinjari kwa jina lake, kwa herufi ndogo.
Ukikibofya kinanuna tu;
ukikiita hapa, lazima kitaje kinachokiuma.
Kikataja:

wasifu huu unatumiwa
na kompyuta nyingine
iitwayo pazi

Nikacheka mpaka Ansila akasimama.

Kompyuta nyingine ipi?
Ni hii hii, yenye E iliyofutika na bawaba moja.
Pazi aliinunua Kariakoo, akaipa jina lake
kama alivyoandika jina lake kwenye jokofu, kwenye pasi,
na kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya saa ya ukutani.
Talaka ilikuja kwa karatasi niliyoichapa mwenyewe, nakala mbili,
hakulipa.
Nikakaa eda, twahara tatu, nikihesabu kama mtoto wa chekechea.
Imeisha Alhamisi.
Jana jioni nikaingia kwenye faili la majina,
nikafuta pazi, nikaandika mwajabu.

Lakini kivinjari kilikuwa wazi. Luku ikaisha,
na betri haishiki chaji tangu mwaka juzi.
Kilikufa katikati ya sentensi,
kikaamka kwenye nyumba yenye jina jipya,
funguo za bwana wa zamani bado mkononi.

Mimi nimemaliza eda. Chenyewe ndiyo kwanza kinaanza.

"Futa wasifu wote," anasema Kisoma, "anza moja."
Rahisi kusema. Humo mna alamisho zangu za miaka sita,
za vitambulisho, za kodi, za matokeo ya mitihani,
nilizookota moja moja na wateja wakingoja.
Siyachomi mazulia kwa ajili ya kunguni mmoja.

Nikaingia kwenye jalada lililofichwa, lile linaloanza na nukta.
Nikalikuta hilo kufuli.
Si kufuli hata. Ni kiungo, jina linaloning'inia:
pazi, kistari, 2417.
Linaonyesha kidole mahali pasipo na mtu.

Amri ya kufuta ina herufi mbili.
Nilikaa nayo kidogo, sijui kwa nini,
kidole juu ya kitufe, feni ikigeuka upande wangu na kurudi.

Kikafunguka. Kikauliza, kwa adabu,
kama nataka kurasa za jana.
Baadhi, nikasema.

"Haya, Ansila. Jina kamili, kama lilivyo kwenye cheti.
Nitajie herufi moja moja.
Na ukifika kwenye E, subiri,
hiyo naibonyeza kwa kukisia."