Kukoboa

Mita ya kioski cha maji kule Nyalenda
kumbukumbu yake ni kibaba tu,
na programu yetu inamwagika.

Basi naikoboa.
Amri moja, na majina yote yanapukutika:
pima_ndoo, funga_bomba,
deni_la_mama_Anjeline,
na lile ulilolitunga ukicheka, Amimo,
usiku stima ilipopotea Kondele nzima:
usiniguse_mimi.

Kilobaiti mia tisa zimebaki mia mbili na kumi.
Mashine haijali. Haijawahi kumwita mtu kwa jina;
inajua anwani, na mlango wa kugonga.

Ila siku itakapoanguka saa tisa usiku
itaniletea tarakimu kavu,
nami nitauliza gizani: wewe nani, mwana wa nani?

Nakala yenye majina iko kwenye diski,
diski imo ndani ya mkebe wa Kimbo,
mkebe uko chini ya kitanda changu.

Na kisu hiki nakijua.
Hukata jina, hakigusi usemi.
Ndoo ikijaa kesho, kioo kidogo bado kitaandika,
kwa herufi ileile uliyoiruka kabla hujaondoka:
"Erokamno. Rudi tena."