Nyota Moja Kutoka Makete

Alfajiri simu ilitetemeka juu ya ndoo,
nikadhani ni oda.
Kumbe ni wewe, Tumwitike. Nyota moja,
na maneno manane:
*Mafuta yameganda kama sabuni. Tapeli huyu. Kaeni mbali.*

Nilikuwa nakoroga pipa. Nikauweka mwiko chini.
Tapeli.
Mimi, Feza binti Kabwe, wa Mwandiga,
ninayepukuchua chikichi kwa vidole hivi
mpaka kucha zinashika kutu,
ninayechuja mara mbili kwa kitambaa cheupe
ambacho hakitakuwa cheupe tena.

Nikaanza kukujibu.
Nikaandika: huko kwenu maji yenyewe yanaganda kwenye beseni,
sasa mawese yafanyeje, yaogelee?
Nikaandika: lisogeze dumu karibu na mafiga,
subiri ugali uive, halafu tazama
litakavyokumbuka lilikotoka.
Nikaandika na mengine,
ambayo marehemu mama angenizaba kibao.
Kabla sijatuma, bando likakata.
Bando hilo nalishukuru hadi leo.

Maana njiani kwenda kwa Ntahondi kununua vocha
nilisimama, nikakumbuka tangazo langu mwenyewe,
nililoliandika kwa mkono wangu na vialama vya moto:
*Unapokea ndani ya siku tatu, popote Tanzania.*
Popote.
Kana kwamba Makete ipo nyuma ya soko la Mwanga.

Dumu lako liliondoka Jumanne, risiti ninayo.
Malagarasi lilivuka usiku.
Tabora likalala siku mbili chini ya magunia ya karanga,
Dodoma karani akalisoma "Makete" akaandika "Makole",
likazunguka mtaani likitafuta mtu asiyekuwepo,
Iringa likangoja, Njombe likangoja,
siku ya kumi na moja likakufikia
limechoka, kifuniko kinatoka jasho jekundu.

Nani alikuambia tatu?
Si dereva. Si karani, wala tope la masika.
Ni kidole changu hiki,
kilichoona jirani ameandika nne.
Wanasema ahadi ni deni;
mimi nilikukopa bila hata kukuuliza.
Na kwamba mawese huganda penye baridi
nilijua. Sikuandika. Nilidhani kila mtu anajua,
kama anavyodhani kila aliyezaliwa chini ya michikichi.

Lakini nawe nisikilize.
Aliyechelewa aitwe aliyechelewa.
Kifuniko kikivuja, sema kimevuja,
piga picha, nitanywea.
Tapeli ni yule aliyekula hela akazima simu.
Yangu ilikuwa hewani siku zote kumi na moja;
hukuipiga hata mara moja.
Tangu neno lile, mama lishe wa Singida
amefuta oda yake, na bwana wa Kahama naye kimya.
Madumu kumi na mawili yamepangwa ukutani
kama watoto waliorudishwa ada.

Basi nikakuandikia upya, kwa ufupi.
Nikaomba radhi kwa siku nane, si kwa zote kumi na moja.
Nikakueleza habari ya moto mdogo.
Sikukuomba nyota. Nyota ya kuombwa
ni kama salamu ya kudaiwa.

Umejibu jana usiku.
Picha: sufuria, maharage, wekundu ninaoufahamu.
*Yameyeyuka. Nyumba nzima inanukia.
Yalichelewa. Kifuniko kilivuja, kitenge changu kimeharibika.*
Nyota tatu.

Nimezihesabu mara mbili, kama chenji.
Tatu. Haikuzidi, haikupungua.

Tangazo sasa linasema: *siku saba mpaka kumi na mbili;
kwenye baridi huganda, yapashe.*
Jirani ananicheka, yeye ameshusha mpaka mbili.
Acha acheke.
Nyota ya nne najua ilipojificha:
asubuhi nimenunua nailoni nzito na mpira wa baiskeli,
nakaza vifuniko, kimoja kimoja,
halafu nalipindua dumu kichwa chini,
nangoja.