Daftari la Mweka Hazina

Tukishinda, simu yangu haikai mezani.
Inatetemeka hadi ukingoni, naidaka:
Jefwa wa bandarini, elfu tano;
Shekuwe wa Doha, elfu ishirini, na neno: Wapigeni!
Daktari Mbeyu, aliyenipita sokoni kama hanijui,
analipia jezi kumi na nane,
sharti jina lake likae mgongoni.

Tukifungwa, mtandao unaharibika Malindi nzima.

Miaka kumi na mmoja naandika humu.
Mwaka wa kombe: basi, viatu, kocha kutoka Kakamega,
na vijana wawili warefu walioandikishwa ualimu
ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuwaona darasani.
Mwaka uliofuata wale wa Kilifi wakachanga zaidi,
wakawachukua, urefu wao na yote.
Tukachanga. Wakachanga.
Paa la maktaba likaendelea kuvujia kamusi.

Ila kuna mstari mmoja usiokosa ukurasa:
tarehe tano, shilingi mia mbili, Tsuma.
Tulipopigwa nne bila pale Gede, mia mbili.
Tulipofungiwa msimu mzima kwa ajili ya wale warefu,
mia mbili.
Nikawauliza wa rika lake. Wakacheka.
Si yule beki? Fainali, dakika ya themanini na nane,
akarudisha mpira kwa kipa bila kuangalia,
na kipa alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta Maweni akikereza miguu ya vitanda,
unga wa mbao kwenye nyusi.
Nikamwambia: ndugu yangu, deni gani hili lisiloisha?
Akaupuliza mguu, akaukagua kwa jicho moja.
"Deni? Siku ile mlinizomea mpaka getini.
Bweni zima halikunisemesha.
Mama Kadzo wa jikoni ndiye aliyeniwekea chakula,
maharage, amefunika na sahani nyingine yasipoe.
Nilidhani hizi pesa zinafika jikoni."

Nilirudi kwa miguu, bodaboda zikinipigia honi.

Jumamosi tunacheza na Kilifi. Simu nimeiweka chaji.
Nimefungua ukurasa mpya, nimeandika juu: JIKO,
na chini yake, kwa penseli,
mia mbili mara miezi mia moja thelathini na miwili.
Elfu ishirini na sita, mia nne.

Zote tulinunulia soksi.