Herufi Tisa

Kiboriloni, nyuma ya marobota ya mitumba,
natoza mabango kwa herufi: mia tano moja,
nukta bure.
Jumatano akaniita fundi wa viatu.
Nikalisugua bati lake kwa msasa, nikachovya brashi,
na bila kuuliza nikaanza
lile ambalo soko zima hulisema:
VIATU KWA KIW

"Simama hapo."
Hakupaza sauti. Sindano ilikuwa mdomoni,
uzi wa nta umemzunguka kidole.
"Kiatu," akakiinua. "Kisigino. Kiraka.
Kigoda ninachokalia.
Na mimi umenipanga foleni nao?"

Nikajitetea kwa sarufi ya darasa la sita:
hata kijana ni KI, hata kiongozi.
Akacheka, sindano ikamponyoka.
"Kiongozi, nani humrushia neno hilo
akidai chenji yake?"

Ng'ambo ya mtaro Aminieli alikuwa ananyoa,
kinyozi na kiziwi, KI mbili;
alitusoma midomo kupitia kioo.
Akaja, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la msasa:
KIZIWI. Akajigonga kifua. Langu hilo, nalitaka.
Kisha akamwelekea mwanamke, akafungua kiganja:
la kwake, muulize mwenyewe.

Nikahesabu kwa sauti, biashara ni biashara:
MTU MWENYE ULEMAVU WA VIUNGO,
herufi ishirini na nne, elfu kumi na mbili,
na bati halitoshi.

"Hilo la fomu za kata. Si baya.
Ila mtu soli imefunguka,
viungo vyangu anavitafutia nini?
Mwaka wa kumi na nne niko hapa.
Jina langu hulijui?"

Sikulijua.
Brashi ikadondosha tone jekundu
kwenye kiatu alichonishonea yeye, Pasaka.

NDEONASIA.
Nilizipaka nene, zote tisa,
FUNDI WA VIATU chini yake, ndogo.
Saa kumi mlima ukafunguka kidogo, ukajifunga.
Rangi ilipokauka, ile KIW
bado ilichungulia ukiinama upande wa jua.
Mkono wa pili Ijumaa, nikamwambia.

Jioni mtu akaniuliza njia: kwa yule fundi, yule...
akauyumbisha mguu wake, nielewe.
Neno la zamani likanifika kwenye meno
na ladha ya tapentaini.
"Kwa Ndeonasia," nikasema,
nikalirudia polepole
ili na yeye alishike.